Nani Anachora Mstari wa Kuanzia? Mbio za Watoto wa Kike na Vilima vya Kasulu na Kibondo



Sisi wa visiwani tunaijua Kigoma kwa bidhaa. Tunajua mawese yake, migebuka yake na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wenye maduka na cherehani tunajua zaidi vitenge, vile vinavyovuka mpaka wa Kongo na Burundi mpaka vikafika mikononi mwetu. Ukitutajia Kasulu, akili inakwenda moja kwa moja kwenye robota. Leo tuliweke robota pembeni, tuzungumze mbio za miguu. Vilima vya Kasulu na Kibondo, na nchi zinazopakana navyo, vina habari ambayo mama yeyote mwenye mtoto wa kike itamfaa kuijua.

Swali letu ni hili: mtoto wa kike mwenye mbio anakuwaje mkimbiaji? Wengi tutajibu kwamba ni kipaji na bidii. Historia ya upande wetu huu wa Afrika inatupa jibu jengine. Kipaji Mwenyezi Mungu amekigawa kila pahala. Kinachokosekana mara nyingi ni watu wa karibu, chama kidogo cha mtaani, wa kuchora mstari wa kuanzia, kupima umbali, kuandika majina na muda, kisha kurudi mwezi ujao na kufanya vile vile.

Nchi ya vilima na mpaka

Kigoma mjini iko kando ya ziwa, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea Kasulu, kisha Kibondo, barabara inapanda mpaka unapita mita 1,200. Hapo uko Buha, nchi ya Waha. Asubuhi ni baridi, kilima kikiisha kinaanza chengine, na baiskeli ndiyo punda wa mizigo. Watoto wengi wanakwenda skuli kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Wala si nchi ngeni kwa mwanamke aliye mbele. Kabla ya uhuru, wakati machifu wa Tanganyika karibu wote walikuwa wanaume, watu wa Heru huko Kasulu waliongozwa na Mwami Theresa Ntare.

Ng'ambo ya mpaka wa Kibondo kuna Ruyigi, Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, watu wanasikilizana bila mkalimani. Huko Ruyigi, mwaka 1993, alizaliwa mtoto wa kike jina lake Francine Niyonsaba. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, Burundi ikaingia vitani, na watu kwa maelfu wakavuka kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Nchi aliyokulia Francine ilikuwa nchi ya vita. Hata hivyo, mwaka 2016 alisimama jukwaani Rio de Janeiro na medali ya fedha ya Olimpiki, mita 800.

Sasa tujiulize. Katika watoto wa umri wake waliovuka mpaka ule migongoni mwa mama zao, wangapi walikuwa na pumzi kama yake? Hesabu hiyo haipatikani, kwa sababu mbio zisizoandaliwa haziachi daftari.

Kilomita 4

Waliovuka walikaa kambini. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya nchi yao. Mtabila, Kasulu hiyo hiyo, ilikuwa ya Warundi mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, kambi ya Nduta huko Kibondo ilifunguliwa upya, na Nyarugusu ikajaa watu zaidi ya 100,000. Hiyo ni idadi ya mji.

Kwa miaka mingi kanuni iliyojulikana katika kambi hizo ni kwamba mkimbizi asiende zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Hatuitaji hapa ili tubishane na sheria, kwani serikali ilikuwa na sababu zake za usalama. Tunaitaja kwa ajili ya hesabu. Kilomita 4 kwenda na 4 kurudi ni kilomita 8. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Msichana wa Nyarugusu anayetaka kujifunza mbio ndefu hana barabara ndefu ya kukimbilia.

Kuna na jambo la pili, ambalo kina mama watalielewa haraka. Wanaotoka mbali na kambi kila siku kwa kawaida ni wanawake na wasichana wanaotafuta kuni, na safari hizo za kuni zimewakuta wengi na mabaya. Kwa hiyo mama wa kambini akisikia binti yake anataka kukimbia peke yake alfajiri, hofu yake ina msingi. Mama wa kijijini nje ya kambi naye ana hofu yake. Ukimwambia hawa "muache mtoto akimbie," hujamsaidia kitu.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Uwanja wa mita 400, ukizungukwa mara 25, ni kilomita 10 kamili. Mbio zikifanyika uwanjani, mchana, zikisimamiwa na watu wanaojulikana kwa majina, ile hofu inapungua na ile kilomita 4 inatosha. Miaka ya 2000 shirika la Right To Play, lililoanzia katika Olympic Aid ya Johann Olav Koss, bingwa wa mbio za barafuni kutoka Norway, lilifanya kazi na watoto wa kambi za Kigoma kwa njia ya namna hiyo: michezo ndani ya kambi, na wakimbizi wenyewe wakifunzwa kuwa makocha.

Mkimbiaji asiye na chama

Kuna Mrundi mwengine ambaye habari yake inaonyesha vizuri nguvu ya chama. Dieudonné Kwizera alikuwa na mbio za kutosha kwenda Olimpiki ya 1988 na ya 1992. Hakwenda hata moja. Hakufungiwa wala hakushindwa. Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, na bila kamati hakuna wa kuandika jina lako. Miguu ilikuwepo, karatasi haikuwepo.

Kamati ilipopatikana, Burundi ikaenda Atlanta mwaka 1996 kwa mara ya kwanza, lakini umri wa Kwizera ulikuwa umeshakwenda. Venuste Niyongabo, nyota wa timu katika mita 1,500, akamuachia mkubwa wake nafasi hiyo ili naye apate kukimbia Olimpiki. Yeye Niyongabo akaingia mita 5,000, umbali ambao hakuwa na uzoefu nao mkubwa, akashinda dhahabu. Mpaka leo watu wanasimulia ukarimu ule, na unastahili kusimuliwa. Sisi tunaona na somo la pili ndani yake: miaka 8 ya mtu ilipotea kwa kukosa ofisi ya kuandika jina.

Wanawake tulipotezewa zaidi. Mwaka 1928, Olimpiki ya Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 800. Baadhi ya magazeti yakatia chumvi kwamba wakimbiaji walianguka ovyo, wakubwa wa michezo wakasema mwili wa mwanamke hauwezi, na mbio hizo zikaondolewa mpaka Roma 1960. Marathoni ya wanawake ilingoja mpaka Los Angeles 1984. Miili ya wanawake wa 1984 haikuwa tofauti na ya bibi zao. Kilichobadilika ni walioshika chaki ya kuchorea mstari.

Francine naye yalimkuta. Mwaka 2019 kanuni mpya za homoni zilimfungia mlango wa mita 800, asipokunywa dawa za kushusha homoni alizozaliwa nazo. Akahamia mbio ndefu zaidi, na mwaka 2021 huko Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mlango mmoja ulifungwa, na kwa kuwa mbio nyengine zilikuwepo, alikuwa na pa kwenda.

Kapenguria na Kakuma

Tuhamie Kenya, kwa sababu huko ndiko tunakoona waziwazi mbio za mahali pamoja zinavyoweza kubadilisha nchi nzima. Tegla Loroupe alizaliwa mwaka 1973 Pokot Magharibi, katika nyumba yenye watoto wengi, na alikwenda skuli mbio, miguu mitupu. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, akaishinda tena 1995, na 1998 akaweka rekodi ya dunia huko Rotterdam.

Angeweza kuishia hapo na kula jasho lake. Lakini kwao kulikuwa hakukaliki. Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na Wakaramojong wa Uganda walikuwa wakiibiana ng'ombe kwa bunduki, na wanawake wakibaki wajane. Mwaka 2003 Tegla akaanzisha taasisi yake ya amani, na Kapenguria pakaanza Mbio za Amani. Kijana wa kabila hili alisimama mstari mmoja na kijana wa kabila lile, bila silaha. Mwaka 2006 walikimbia wapiganaji wapatao 2,000. Muhimu zaidi, mbio zilirudi mwaka baada ya mwaka. Ukikutana na mtu mara moja bado ni mgeni. Ukikutana naye kila mwaka unamjua jina, unajua kama alikutangulia au ulimtangulia, na mtu unayemjua hivyo ni vigumu kumuwinda usiku.

Kisha Tegla akaingia kambini. Kakuma, kaskazini-magharibi ya Kenya, ipo tangu 1992 na imejaa watu waliokimbia vita, wengi wao kutoka Sudan Kusini. Taasisi yake iliandaa mbio humo, na mwaka 2015, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipotafuta wakimbizi wenye uwezo, pa kuanzia palikuwepo. Kulifanyika mbio za mchujo. Msichana mmoja, Rose Nathike Lokonyen, aliyekimbia vita na wazazi wake akiwa mtoto, alikimbia kilomita 10 bila viatu na akamaliza wa pili. Alichukuliwa na wenzake kwenda kambi ya mazoezi ya Ngong, karibu na Nairobi.

Agosti 2016, Rose aliingia uwanja wa Maracanã amebeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki. Timu ilikuwa na watu 10, na 5 kati yao walitoka Kakuma. Mita 800 hakufika mbali, aliishia mzunguko wa kwanza. Lakini dunia nzima ilikuwa imeshalisoma jina lake, na jina hilo liliandikwa kwanza katika daftari la mbio za kambini.

Ngazi ya nyumbani

Kwetu Tanzania ngazi ya skuli ipo. UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari humchukua mtoto kutoka skuli mpaka wilaya, mkoa na taifa, na mtoto wa Kasulu na wa Kibondo ana haki nayo kama mtoto mwengine. Udhaifu wa ngazi hii ni kwamba inakuja mara moja kwa mwaka, na inamhusu mwanafunzi tu. Msichana aliyemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani, au aliyeolewa, haimgusi tena.

Novemba 2017 Baraza la Michezo la Taifa na shirika la Japani la JICA walifungua mlango mwengine: Ladies First, mashindano ya riadha ya wanawake watupu, Dar es Salaam, yaliyokusanya wasichana wa mikoa ya bara na wa Zanzibar. Aliyelisukuma jambo hilo ni Juma Ikangaa, bingwa wa marathoni ya New York ya 1989. Yakarudiwa 2018, na tena baadaye. Wasichana wa mikoa tofauti walikuta pahala ambapo mbio zao ndizo shughuli yenyewe, si kijazio kabla ya fainali ya wanaume.

Na wanawake wa Tanzania hawana upungufu wa pumzi. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Lakini taifa haliwezi kuteremka kila kijiji. Kati ya njia ya skuli ya Kibondo na uwanja wa Dar es Salaam kuna pengo, na pengo hilo linajazwa na chama cha pale pale.

Nguo na stara

Dada zetu wataliuliza hili, na sisi wenye cherehani tunalipenda. Je, mtoto wetu atakimbia amevaa nini?

Tuanze na kukimbia kwenyewe. Imepokewa katika Abu Dawud kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie. Mara ya kwanza alimshinda, na baadaye alipoongezeka mwili, Mtume akamshinda. Basi kukimbia kwa mwanamke si jambo lililoletwa juzi na televisheni.

Ama nguo, Roqaya Al-Ghasra wa Bahrain alikimbia amejifunika kichwa, mikono na miguu, na mwaka 2006 akashinda mita 200 katika michezo ya Asia huko Doha. Siri iko kwenye kitambaa. Khanga haivutiki, na sketi ndefu inakamata magoti. Kitambaa cha jezi kinavutika na kinakausha jasho. Suruali pana yenye lastiki kiunoni, fulana ya mikono mirefu inayofika mapajani, na mtandio wa kuvaa kichwani kama kofia usiohitaji pini, vyote vinashonwa kwa cherehani yenye zigizaga. Msichana wa Kikristo wa Kasulu asiyevaa mtandio naye anahitaji fulana ya heshima na sidiria imara. Wasichana wengi wanaacha michezo wanapobalehe kwa sababu wanaona haya uwanjani, na haya hiyo fundi anaweza kuipunguza kwa mita 2 za kitambaa.

Chama cha vilimani kinahitaji nini

Tukikaa na wanawake wa Kasulu na Kibondo kupiga hesabu ya chama kidogo cha riadha, tutaona kwamba gharama si ya kutisha.

Umbali unapimwa kwa baiskeli, na baiskeli kule zipo. Funga uzi mwekundu kwenye tairi, lipime mzunguko wake kwa tepu ya fundi, kisha sukuma na kuhesabu. Tairi la mzunguko wa mita 2 likizunguka mara 2,500 umepata kilomita 5. Hata wapimaji wa marathoni kubwa za dunia wanatumia baiskeli, ila yao ina kihesabio.

Muda unachukuliwa kwa simu. Majina yanaandikwa kwenye daftari la kurasa nyingi, moja tu, lisilopotea. Mbio za wasichana ziwekwe asubuhi jua halijapanda, na zianze za kwanza, watu wakiwepo. Kina mama wawili watatu wawe njiani, ili mzazi ajue mtoto wake anapita mbele ya macho ya nani. Kwa wasichana wa kambini, ruhusa iombwe mapema kwa wakuu wa kambi, na ikibidi mbio zifuate uwanja wa ndani, wanakijiji waingie wao kwa kibali. Warundi, Wakongo na Waha wakisimama mstari mmoja, hilo ndilo jambo la Kapenguria.

Kubwa kuliko yote, ziwe mfululizo. Mbio moja inampa zawadi aliye tayari siku ile. Mbio 5 kwa miezi 5, zenye pointi 10 kwa wa kwanza, 9 kwa wa pili na kushuka hivyo, zinampa nafasi anayekua taratibu. Msichana anayemaliza wa saba mwezi wa kwanza anaona daftarini kwamba mwezi wa pili amepunguza nusu dakika. Hapo hahitaji mtu wa kumwambia ana kipaji. Amejisomea mwenyewe. Na akiumwa au akizuiwa nyumbani mwezi mmoja, jina lake halijafutwa. Zawadi ikiwa doti ya kitenge, sabuni na madaftari, inatosha kumfanya mama amuamshe.

Na sisi wa visiwani tuna mchango. Namba za kifuani ni kipande cha kitambaa cheupe, inchi 8 kwa 8, kimekunjwa pindo, namba imeandikwa kwa rangi nyeusi isiyotoka, pini 4 pembeni. Vipande vya kitambaa vinavyobaki chini ya cherehani zetu kwa wiki moja vinatoa namba za wasichana 50, na robota za vitenge zinazokuja kwetu zina magari yanayorudi Kigoma. Mwenye kupenda tuanze, atenge vipande vyeupe kuanzia wiki hii.

Tukutane tena, inshaAllah.